Kamera Yenye Kitundu

Watoto wangu walikubaliana jambo moja tu kuhusu kamera ya kumnunulia baba yao: kwamba nichague mimi. Mpaka kufika hapo walikuwa wamebishana kwenye simu hadi sauti zimewakauka, na watu wakishachoka kubishana ndipo hukumbuka kuwa wana mama. "Mama ndiye anayeshinda naye," alisema kifunguamimba wangu, fundi wa lifti, anayeishi mbali. "Mama aamue." Kitindamimba, ambaye ni muuguzi na ndiye tunayeishi naye, aliitikia bila kuguna, jambo ambalo si kawaida yake. Basi mzigo ukatua kichwani kwangu, na kata ya kuubebea sina.

Nieleze kwanza mume wangu ni nani, maana bila hivyo itaonekana ni mabishano ya watu waliokosa kazi.

Alikuwa mpiga picha. Si wale wa kukimbizana na maharusi ukumbini, hapana. Yeye alikuwa wa studio: chumba cha mbele cha nyumba yetu, pazia la bluu, kiti cha mbao kisicho na mikono, na taa zake zilizochemsha chumba mpaka wateja wakatoka jasho la pua. Mji mzima ulimwita Usipumue, kwa sababu ndivyo alivyomwambia kila aliyekaa kwenye kile kiti. "Kidevu juu. Usipumue." Mtu anajaza mashavu kama anayepuliza puto, macho yamemtoka, anasubiri. Mume wangu anamwacha hivyo kidogo, halafu anasema, "Haya pumua, usije ukanifia hapa." Mtu anacheka, na kwenye kile kicheko ndipo anabonyeza. Ile ya kubana pumzi hakuipiga hata siku moja. Kidole kilikuwa hewani. Watu walirudi mwaka hadi mwaka, hakuna aliyegundua.

Mimi kazi yangu ilikuwa videvu. Nilisimama ubavuni mwa kiti, nikamgusa mteja kwa vidole viwili, nikapandisha, nikageuza kidogo upande wa taa, kisha nikajitoa haraka nisije nikaingia kwenye picha ya watu. Nimeshika kidevu cha mkuu wa polisi, nimeshika cha wachumba waliokuja wamenuniana, nimeshika vya watoto wenye makamasi. Nikikutana na mtu mzima sokoni akiniringia, mimi namwangalia tu kidevu. Najua uzito wake.

Na jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, kwenye filamu hubaki nafasi ya picha moja. Mume wangu alisema, "Tusiitupe. Kaa." Nikakaa. Wa kunishika kidevu hayupo, nikakipandisha mwenyewe. Akainama nyuma ya kamera akaniangalia muda mrefu kuliko alivyowaangalia wateja, maana mimi sikuwa na haraka na wala silipi. Picha ya mwisho ya kila filamu ilikuwa yangu. Nyingine hata hakuzisafisha. Alisema kuzipiga kunatosha.

Ugonjwa ulianza na kidole gumba. Kikawa kinacheza chenyewe anapokunywa chai, tukacheka, nikamwuliza unamwita nani? Kikafuata kiganja, ukafuata mkono wa pili, kisha kichwa, kikawa kinakwenda upande huu na upande huu polepole, kama mtu anayekataa kitu ambacho hakuna aliyempa. Studio tukaifunga. Chumba cha giza, kile cha kusafishia filamu, tukampangisha fundi viatu. Halafu maneno nayo yakaanza kumpungua, na fahamu zikawa zinakwenda na kurudi. Akawa mtu wa kochi, kaelekea ule ukuta ulio kati ya dirisha na kabati. Ukimwita anageuza kichwa kuifuata sauti, lakini macho hayafiki. Yanakuishia begani.

Binti yangu muuguzi alinieleza taratibu, kwa ile sauti yake ya kazini, kwamba ugonjwa huu hufika hadi huko. Daktari naye akasema, "Mpeni kazi ambayo mikono yake inaijua. Mkimwacha kwenye kochi atazidi kuzama."

Mimi nikashusha kamera yake ya zamani juu ya kabati. Kwa nini nisishushe? Aliipokea, akaipuliza vumbi, akaiweka jichoni, akabonyeza. Nilikimbilia jikoni kulia peke yangu kwa furaha. Kumbe nilikuwa nimejitafutia balaa, kwa sababu akainuka, mwenyewe, bila kushikwa, akaenda zake kusafisha filamu. Filamu yenyewe haimo. Huku kwetu haziuzwi tena. Akashika ukuta wa korido mpaka chumba cha giza, akafungua mlango, akamkuta fundi viatu na gundi yake na redio yake.

"Zima taa!" akamfokea. "Unaniunguzia kazi!"

Fundi viatu, Mungu amzidishie, alizima. Redio pia alizima. Wakasimama humo gizani wote wawili, mchana kweupe, mume wangu anapapasa ukuta akitafuta beseni, anatafuta bomba, anatafuta kamba ya kuanikia picha, anashika viatu vya watu. Nilipofika alikuwa analia na kandambili ya kike mkononi. Tulimrudisha kochini, na tangu hapo hata "maji" hakusema. Kamera ile nikaificha chini ya godoro.

Ndipo likaja wazo la kamera ya kisasa, inayotoa picha hapo hapo bila dawa wala maji. Watoto waliichangia fedha, wakawa wanasema ni ya kumfurahisha baba. Mimi nilikuwa na langu, sikumwambia mtu. Nilitaka aniangalie. Si begani, mimi mwenyewe, usoni. Nilijiambia mtu huyu maisha yake yote aliniona vizuri kupitia kamera, basi akiipata kamera atanipata na mimi.

Sasa ipi? Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

"Kubwa," alisema kifunguamimba, simu iko mezani imewekwa sauti ya wote. "Ile yenye lenzi ya kuchomoa na kuchomeka. Zipo za wanaoanza, hazina makuu. Baba ni fundi, Mama. Fundi humpi kichezeo."

"Nani amesema kichezeo?" kitindamimba alidakia. "Ndogo za siku hizi zina akili kukushinda wewe. Inaingia mfuko wa shati. Nyembamba, nyepesi kama kipande cha sabuni."

"Ehe! Umesema mwenyewe. Baba apige picha na sabuni ya gesti."

"Kaka, mkono wa baba umeushika lini mara ya mwisho? Kikombe kikiwa nusu kinamwagika. Wewe unataka umvalishe tofali lenye mkanda."

"Usinipandishe presha, mdogo wangu, mimi naongea nikiwa ndani ya shimo la lifti."

"Basi panda uje umlishe."

Nilisikia vyuma vikigongana huko aliko. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti yake ya utotoni kabisa, "Mama, mimi nakumbuka alivyokuwa anaiegemeza usoni. Sitaki aonekane kama mtu anayechezea simu. Ni hilo tu."

Ningefanya nini na watoto hawa? Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Duka la kamera ni la mtu wetu. Alijifunza kazi kwa mume wangu, enzi hizo mwembamba kama waya, kazi yake kubeba taa, tukamwita Mwanga na jina likamganda. Sasa ana kitambi na miwani ya kunyanyulia kwenye paji la uso, lakini kuniamkia bado ananiamkia kwa kuinama.

"Shikamoo Mama Studio."

"Marahaba, Mwanga. Nimekuja kukusumbua."

Aliziweka zote mbili juu ya kioo cha meza. Kubwa ilikuwa nyeusi, ina mshiko wa kukaa kiganjani, lenzi imetokeza kama pua ya mtu mwenye mafua. Ndogo ilikuwa ya rangi ya fedha, na ukiigeuza nyuma yote ni skrini.

"Tofauti yenyewe ni hii, Mama. Kubwa ina kitundu cha jicho. Unaegemeza uso, unachungulia, unaona kupitia lenzi yenyewe, kama ile ya mzee. Ndogo haina. Unainyoosha mbele yako hivi, unaangalia skrini."

"Naruhusiwa kujaribu?"

"Jaribu, haziumi."

Nikachukua ile kubwa, nikaegemeza, nikaanza kutetemeka. Kwa makusudi. Mtetemeko wa mume wangu naujua kuliko mwendo wangu: mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unaufuata kwa uvivu, kichwa kinakwenda upande wake. Nikautoa wote pale dukani, nikabonyeza.

"Jamani! Kiti!" Mwanga alipiga kelele. "Leteni maji, Mama Studio anaanguka!"

"Niache bwana wewe, napima."

"Unapima nini?"

"Namvaa mzee."

Alitaka kucheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akashusha miwani, akajifanya anafuta kioo cha meza. Kisha akasimama mbele yangu bila kuambiwa, akapandisha kidevu, nikampiga kwa ile kubwa, nikampiga kwa ile ndogo, nikitetemeka vilevile. Tukatazama. Kwenye kubwa Mwanga alikuwa na nyuso nyingi zimepandana, kama mtu aliye nyuma ya dirisha la mvua. Kwenye ndogo alikuwa amefifia kidogo, lakini ni yeye, na kitambi chake.

"Ndogo ina kitu ndani kinachovumilia mkono," alinieleza. "Kubwa zenye hicho kitu zipo, ila hii lenzi iliyokuja nayo haina."

Basi imekwisha, nikasema moyoni. Binti yangu ameshinda. Nikafungua mkoba. Mwanga akaweka kiganja juu ya ile ndogo.

"Mama, mimi nikishauza sirudishi, na kwako sitaki kuja kuvunja kanuni yangu. Mlete mzee aishike kwanza."

"Mwanga, mzee si wa kuletwa mbele za watu."

"Mimi si watu," akasema.

Tukampeleka siku ambayo binti yangu hakuwa na zamu. Nilimvalisha koti lake la studio, lile lenye mifuko ya kuwekea vikopo vya filamu, nikamchana ndevu. Ndani ya teksi alikuwa ameuelekea ukuta wake, ingawa ukuta haupo. Mwanga alimwekea kiti katikati ya duka, akapiga goti kabisa chini, akamshika mikono. "Shikamoo, Mwalimu." Macho ya mume wangu yakaishia begani kwa Mwanga.

Tukaanza na ndogo. Aliishika, na kwa kweli aliiweza. Vidole viliizunguka bila taabu. Binti yangu akanikonyeza. Halafu mume wangu akaipeleka jichoni.

Aliibandika usoni, akatafuta. Kitundu hakuna. Akaihamishia jicho la pili. Akaigeuza juu chini, akaisogeza kwenye nyusi, akairudisha, akaisukuma mpaka mwanga wa skrini ukamwagika kati ya uso na kamera, ukamng'arisha pua na kope. Binti yangu akamnyoosha mkono taratibu. "Hivi, Baba. Iache mbali. Angalia hapa, unajionea mwenyewe unachopiga." Akamwacha amnyooshe. Alipoachiwa tu, mkono ukarudi jichoni.

"Imezibwa," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu ile siku ya kandambili.

"Imezibwa. Nani ameiziba?"

Kuna mteja mmoja, mvulana aliyekuja na wenzake kutafuta chaja, alicheka. Mwanga alimgeukia na sijui alimwangalia vipi, maana walitoka wote bila chaja.

Mwanga akampokea mzee ile ndogo, akampa kubwa.

Sasa hapa nataka nieleze vizuri. Kamera ilipomgusa kiganjani viwiko vilijibana mbavuni vyenyewe. Mgongo ukanyooka. Mkono wa kushoto ukaingia chini ya lenzi, uso ukashuka, nyusi ikaegemea, jicho likaingia kwenye kitundu na likabaki humo. Alikuwa anatetemeka, ndiyo, anatetemeka sana, lakini sasa kichwa na kamera vilikuwa vinatetemeka pamoja, kama kitu kimoja. Lenzi ikatembea dukani. Ikapita kwa Mwanga, ikapita kwenye rafu, ikanipita mimi. Ikasimama. Ikarudi.

"Kidevu juu," akasema.

Nikakipandisha.

"Usipumue."

Nikabana. Jicho lake silioni, liko nyuma ya kile kitu cheusi, lakini mtu ukiangaliwa na mumeo unajua. Begani sikuhisi kitu. Nilihisi usoni. Nilisimama katika lile duka la chaja na betri nikiwa nimejaza mashavu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nangojea aniambie nipumue.

Hakusema. Kidole kiliitafuta swichi, kikagonga pembeni, kikagonga juu, kikateleza. Mikono ikaanza kushuka. Binti yangu aliidaka kamera kabla haijafika sakafuni. Mume wangu akauangalia mkono wake mtupu, kisha akaondoka tena. Yaani amekaa pale pale, lakini ameondoka.

Mwanga alinivuta pembeni. "Mama Studio, umeona mwenyewe. Hataiweza. Nikikuuzia hii nitakuwa nimekuuzia majuto."

"Chukua ndogo, Mama," binti yangu alisema. "Nitamfundisha. Kidogo kidogo atazoea kunyoosha mkono. Angalau picha zitatoka."

Wote walikuwa wananihurumia, na wote walikuwa sahihi. Hata mimi nilikuwa nimepima kwa mikono yangu, nilijua. Lakini picha zitoke za nini? Nyumba yetu imejaa picha.

"Nipe yenye kitundu," nikasema.

Kifunguamimba alipopata habari alipiga kelele kwenye simu, "Si nilisema! Si nilisema mimi!" Dada yake alikuwa anasoma karatasi ya maelezo ya kamera.

Nyumbani nilipanga chumba cha mbele kama zamani. Pazia la bluu lilikuwa limeliwa na panya upande mmoja, nikaukunja kwa nyuma. Kiti nikakipangusa. Nikamletea kamera kochini, na sitaki kudanganya, aliinuka. Kila siku aliinuka. Akiiona anaacha ukuta wake, anakuja na miguu yake kukaa mahali pake, anatengeneza koti. Daktari akiuliza, hilo namwambia kwa moyo mkunjufu: anainuka. Na anaongea. "Taa." "Sogeza pazia." "Haya, wa kwanza."

Kushika ndiko kulimshinda. Ile siku dukani mwili ulimkopesha nguvu, na haukumkopesha tena. Kamera ikifika kifuani inashuka. Mwanga, roho yake nzuri, akatuletea stendi ya miguu mitatu na kuifupisha ilingane na kimo cha kukaa. Tukafunga kamera juu, ikatulia kama jiwe. Shida ni kwamba yeye hatulii. Kitundu kimesimama mahali pamoja na kichwa kinakwenda na kurudi, jicho linapita mbele ya kitundu kama mtu anayepita mbele ya mlango wa nyumba asiyoijua namba. Mwisho aliisukuma.

Binti yangu akasema, "Nitashika mimi. Wewe Mama kaa kwenye kiti." Nikaona, kweli, kwa nini hatukufikiri mapema? Nikakaa, nikapandisha kidevu. Lakini mikono ya binti yangu ni ya muuguzi, imefundishwa kutulia. Akaikaza kamera, kichwa cha baba yake kikaja, mfupa wa nyusi ukagonga chuma. Akajaribu kumshika kichwa.

"Toa mkono kwenye kamera ya watu!" baba yake akafoka. "Nani huyu?"

"Ni mimi, Baba."

"Mwambieni atoke."

Alitoka. Nilisikia maji yakifunguliwa jikoni muda mrefu, na hakuna chombo kilichooshwa.

Nikaenda kushika mimi. Sikufikiri, nilienda tu kama ninavyoenda na kijiko. Mtu anayemlisha mgonjwa wa namna hii hapeleki kijiko mdomoni. Anakiacha kiufuate mdomo. Unatetemeka naye. Nikapiga magoti ubavuni mwake, nikapitisha mikono chini ya mikono yake, nikaiweka kamera kwenye nyusi, kichwa kikienda kulia naenda naye, kikirudi narudi. Jicho likaingia kwenye kitundu. Likakaa. Nilihisi pumzi zake zikitulia shavuni kwangu, na bega lake zima likalegea, likaniegemea.

Akaangalia. Akaangalia sana.

"Mteja yuko wapi?" akauliza.

Nikatazama mbele. Pazia la bluu, na kiti.

"Nimekuja huku mume wangu, nakushikia."

"Sikuulizi wewe." Alisema kwa adabu, kama alivyosema na wateja wa haraka haraka. "Namtafuta wa mwisho. Bado moja kwenye filamu."

"Ni mimi huyo wa mwisho."

"Hapana," akasema. "Yeye anakaa pale."

Nikamwachia taratibu, nikazunguka mbio nikakaa kwenye kiti, nikapandisha kidevu. Kamera ilikuwa imeshamshukia mapajani, anaipapasa lenzi, na macho yameondoka. Nikarudi, nikamshikia, jicho likarudi kitunduni. "Hajafika," akasema. Nikaenda tena. Nilikwenda na kurudi pale chumbani kama mtu aliyesahau alichofuata, mpaka magoti yakakataa. Nikiwa kwenye kiti, haoni. Akiona, mimi simo.

Tulimweka binti yetu kwenye kiti. Mume wangu alichungulia, akatabasamu kidogo. "Huyu tulishampiga," akasema. Tukamweka fundi viatu, akaja na aproni yake na gundi vidoleni, akakaa mkakamavu kama askari. "Huyu ni mteja mzuri, aje kesho." Nilitundika mtandio wangu kwenye mgongo wa kiti, nikaona labda. Akachungulia, akanong'ona, "Kaacha nguo yake. Basi hayuko mbali."

Siku moja kidole kilipata swichi. Sijui kama alitaka au kilianguka tu. Kamera ikalia ule mlio wake, na sisi sote tukaruka. Binti yangu alileta kompyuta, tukaifungua picha kubwa. Ilikuwa imetoka vizuri ajabu; nadhani ilinaswa pale kichwa kinapotua kidogo kabla ya kurudi, na mimi nimetua naye sawasawa. Nyuzi za pazia zinahesabika. Mikwaruzo ya kiti, ule ufa wa mguu wa nyuma, vyote vinaonekana. Tukamtumia kifunguamimba.

Alipiga simu hapo hapo. "Mama! Ni ya baba hii? Kali namna hii? Niliwaambia mimi, fundi ni fundi!" Halafu nikamsikia akihema. "Lakini Mama, mbona kiti kitupu? Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo," nikamwambia.

"Uko upande gani?"

Dada yake alimpokonya maneno: "Kaka, kata simu, nitakupigia baadaye."

Binti yangu anasema bado anaweza kumwomba Mwanga, ile ndogo ipo, haijauzwa. Ananiambia hivyo akinifunga goti bandeji. Anasema na ile ndogo mimi ningekaa kwenye kiti, yeye angemnyoosha mkono baba yake, na picha ingetoka yenye uso wangu. Namwambia sawa, mwanangu, tutaona. Najua tukiileta ataibandika jichoni, atauliza nani ameiziba, na mimi nitakuwa nimekaa pale nimepandisha kidevu mbele ya mtu aliyefungiwa nje.

Leo asubuhi nilipomletea kamera aliinuka kabla sijamwita. Akakaa, akavuta koti, akangoja. Nikapiga goti lile zima, nikapitisha mikono. Jicho likaingia. Kiti kiko mbele yetu, na jua la dirishani limekaa juu yake.

"Hajafika?" nikamwuliza.

"Atakuja tu. Huwa hana haraka huyo." Akaninong'oneza sikioni, kama mtu anayemfundisha kazi mgeni: "Akikaa usimguse. Kidevu anapandisha mwenyewe."

"Sawa."

"Na wewe tulia. Usipumue."

Nikabana pumzi. Kichwa chake kikaenda kulia, nikaenda naye. Kikarudi, nikarudi.